Maji Yaliyotakata Rangi

Mke wa askari afuapo gwanda jipya kwa mara ya kwanza huona maji ya beseni yakigeuka. Kaniki hufanya vivyo hivyo, na kwa wingi zaidi. Maji humwagwa uani, hutiwa mengine, na baada ya kufua mara tatu au nne jambo hilo husahaulika. Lakini kilichomwagwa uani ni masazo tu. Sehemu kubwa ya rangi iliyokosa kushika uzi ilikwisha kumwagwa kiwandani, kabla nguo haijashonwa.

Rangi zitumikazo sana kwa pamba siku hizi ni zile zifungamanazo na uzi wenyewe, ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuziuza mwaka 1956. Sifa yake ni kutochujuka upesi. Ila yake ni kwamba ndani ya pipa sehemu yake hufungamana na maji badala ya uzi, nayo haifai tena kwa lolote. Isitoshe, ili rangi isogee kwenye pamba hutiwa chumvi nyingi: kwa rangi nzito, gramu 50 au zaidi katika kila lita.

Namna moja ya kuikamata rangi hiyo, ichunguzwayo katika maabara nyingi, hutokana na taka za jikoni: maganda ya kamba na kaa. Ndani yake mna kitini, kitu ambacho Mfaransa Henri Braconnot alikitambua katika uyoga mwaka 1811. Maganda hulowekwa katika tindikali ili chokaa itoke, kisha katika maji ya kostiki ili protini itoke. Yakichemshwa tena katika kostiki kali, kitini hugeuka kuwa kitosani. (Kazi hiyo yenyewe huacha maji makali, jambo ambalo wasifiaji wake hawalitaji mara nyingi.) Kitosani huyeyuka katika siki, uji wake ukitandazwa juu ya kioo na kukaushwa, hubaki utando mwembamba, ambao hutiwa dawa ya kuushikiza usiyeyuke tena.

Utando huo haufanyi kazi kama chujio la chai. Rangi iliyoyeyuka haina chembe za kuzuiwa na matundu ya kawaida. Katika maji yenye ukali kidogo wa tindikali kitosani hupata chaji chanya, na rangi nyingi za pamba zina chaji hasi. Basi rangi huvutwa, ikanata. Rangi zenye chaji chanya hazivutwi hivyo, na kwa hizo huchukuliwa utomvu wa mwani wa kahawia. Utando ukishiba huoshwa kwa maji ya magadi ili utumike tena, na rangi yote hurudi katika maji hayo machache, ikingoja kuharibiwa kwa njia nyingine.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huyaona maji yametakata, wakadhani yamekuwa mema; kumbe chumvi imepita yote, nayo haionekani.

Mji wa Tirupur, jimbo la Tamil Nadu kusini mwa Uhindi, umelijua hilo kwa gharama kubwa. Ni mji wa fulana, na viwanda vyake vya kutia rangi vilimwaga maji katika mto Noyyal. Mwaka 1992 lilikamilika chini ya mji bwawa la Orathupalayam, la kunyweshea mashamba. Bwawa likajaa maji ya viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikajengwa mitambo ya pamoja ya kusafisha. Ikapunguza rangi, chumvi ikaachwa. Mashamba yakaharibika, visima havikunyweka, na wakulima waliojengewa bwawa wakapinga lisifunguliwe. Walikwenda mahakamani, na Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru mamia ya viwanda vifungwe. Maelfu ya wafanyakazi, ambao hawakuamua kumwaga chochote mtoni, wakakosa kazi.

Viwanda vilivyoruhusiwa kufunguliwa tena vilitakiwa visitoe hata tone. Maji husukumwa kwa nguvu katika tando za namna nyingine, zenye uwezo wa kuzuia chumvi. Yanayosalia huchemshwa, na chumvi hurudishwa kutia rangi. Chumvi iliyochanganyika mno isitengeke hutiwa magunia, ikarundikwa ghalani.