Vijana wa El Adde wana majina

Ndugu zangu, Januari 15 ikifika utaona bendera na mishumaa imejaa mitandaoni, halafu jioni tushasahau. Hebu tuulizane: hao vijana tunaowakumbuka wanaitwa nani?

Alfajiri ya Januari 15, 2016, Al-Shabaab walivamia kambi ya KDF pale El Adde, eneo la Gedo, Somalia. Gari la vilipuzi lilitangulia, wapiganaji wakafuata. Wengi waliokuwa mle ni vijana, watoto wa watu, waliotumwa na nchi hii chini ya AMISOM.

Wangapi walikufa? Serikali haijawahi kutangaza idadi rasmi. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja kati ya 180 na 200, wakubwa wetu wakakana. CNN wakafanya hesabu yao, wakapata 141. Yaani wageni ndio wanatuhesabia maiti wetu! Majina nayo tuliyapata kwa vipande, magazeti yakiandika mazishi ya huyu leo, ya yule kesho.

Tunaambiwa ni siri ya kijeshi. Siri kwa nani? Adui alikuwepo pale, akapiga picha za video na kuzisambaza. Anajua alichofanya. Anayefichwa ni mwananchi peke yake. Na aliyejaribu kusema alikiona. Mwanahabari Yassin Juma alishikwa na polisi mwezi huohuo kwa sababu ya alichoposti kuhusu El Adde, kwa madai ya kutumia vibaya mitambo ya mawasiliano. Miezi mitatu baadaye Mahakama Kuu ikakitupa kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, katika kesi ya mtu mwingine, kwamba hakipatani na Katiba.

Haya si mapya. Ukipita Kenyatta Avenue, Nairobi, utaona sanamu ya wanaume watatu, askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake, yapo hata kwa Kiswahili, yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lipi? Hakuna hata moja la wale wapagazi pale. Soko la Kariokor limebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, basi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi: waliokufa katika majeshi ya mkoloni, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, walau 116,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Pengine walifika 350,000.

Mkoloni alimwona Mwafrika si wa kuandikwa. Sawa, tunamjua. Sasa sisi wenyewe, tukiwa na bendera yetu na Katiba yetu, tuna kisingizio gani?

Januari 27, 2016 kulifanyika ibada ya kumbukumbu Moi Barracks, Eldoret. Rais Uhuru Kenyatta alikuwepo, Buhari wa Nigeria akaja, Hassan Sheikh pia. Hotuba zilikuwa nzuri. Lakini kijana hakumbukwi kwa kuitwa "shujaa" tu. Huyo alikuwa na shule aliyosoma, timu aliyoshabikia, mama aliyekuwa akimtumia pesa mwisho wa mwezi. Ukimnyima jina unayafuta hayo yote, anabaki sehemu ya namba, na namba yenyewe inabishaniwa.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinaitaka serikali ichapishe habari muhimu zinazoligusa taifa. Kama hii si muhimu, ipi ni muhimu?

Kwa hiyo tunataka orodha, jina kwa jina, kwa ridhaa ya familia, iandikwe mahali ambapo mzazi anaweza kusimama bila kuomba kibali getini. Na ile bodi ya uchunguzi iliyoundwa na jeshi baada ya shambulizi, ripoti yake haijawekwa wazi. Wafiche ramani na silaha wakitaka. Mzazi asomewe kurasa zinazomhusu: mtoto wake alifia wapi, msaada uliitwa saa ngapi, na ulifika lini.