Mtoto wa Pwani Asiyetaka Samaki



Baada ya darsa ya Alasiri, mama mmoja aliniuliza kama yajuzu kumlazimisha mtoto kula. Mwanawe ana miaka sita, baba ni mvuvi, na nyumba yao haikosi samaki. Lakini mtoto akiletewa sahani ya changu hufumba mdomo, akataka chipsi na soseji. Baba hukasirika, bakora hutajwa, na chakula cha usiku huishia kwa kilio. Nimegundua kuwa si nyumba hiyo peke yake.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa na desturi ya kukitia ila chakula, kisichompendeza alikiacha bila ya maneno. Na siku moja aliandaliwa nyama ya dhabbu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila hakuwa mnyama wa nchi ya watu wake, ndiyo sababu nafsi yake haimtaki. Khalid akala, na Mtume akimtazama. Hakuna aliyelazimishwa, wala hakuna aliyekatazwa.

Tuzingatie sababu iliyotajwa: ugeni. Nafsi hukipenda kile ilichokizoea. Sasa huyu mtoto wetu, aliyezaliwa akisikia mawimbi, vipi samaki amekuwa kwake kama dhabbu? Jawabu langu ni kwamba hamjui samaki. Chipsi huziona zikikaangwa pembeni mwa njia, harufu ikimwita, na wenziwe wakizila kwa furaha. Samaki humjia kwa ghafla, ana kichwa, ana macho, ana miiba, na juu yake sauti ya baba inayosema, "Kula!"

Basi mtoto na aingizwe jikoni.

Nawapendekezea katlesi, kwa sababu ni kazi ya mikono, na nusu kilo ya samaki hushibisha watu wengi ikichanganywa na viazi. Chukueni nguru au kolekole, ambao miiba yao ni mikubwa na yaonekana. Mwatiko ni mtamu, lakini kwa wingi wa miiba yake mwacheni kwa wakubwa. Mchemsheni kwa maji machache, chumvi, ndimu, thomu na tangawizi. Akipoa, mwekeni katika sinia, na watoto waliokwisha kuosha mikono wapewe kazi ya kuisaka miiba. Kila aupataye autie katika kisahani, kisha wahesabu nani ana mingi. Mchezo huu huondoa hofu, kwani baadhi ya wanaokataa samaki hawakatai ladha, wanaogopa kukwamwa. Hata hivyo, mtu mzima apitishe vidole mara ya pili. Na mwiba ukimkwama mtoto, tuiache ile desturi ya kumezesha donge la wali, kwani huenda likausukuma ndani zaidi, apelekwe hospitali.

Viazi vya kiasi hichohicho vichemshwe, vipondwe, vichanganywe na samaki, kitunguu kilichokatwa vidogo, kotmiri na pilipili manga kidogo. Pilipili mbichi ibaki kwa wakubwa. Hapo kila mtoto apewe donge lake alifinyange apendavyo: jahazi, mwezi mwandamo, au samaki mwenye jicho la njegere. (Na kabla hajaniandikia mtu kuhusu taswira: wanazuoni wengi wameipa rukhsa michezo ya watoto, na samaki huyu hatadumu dakika tano.) Kisha yachovywe katika yai lililopigwa, na mtu mzima ayakaange. Mtoto atalitambua jahazi lake miongoni mwa katlesi ishirini, na mara chache ataacha kulila.

Mikono inapofanya kazi, masikio huwa wazi. Wasimulieni habari ya sahaba 300 waliotumwa ufukweni chini ya Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.). Masurufu yakapungua hadi mtu akapewa tende moja kwa siku, kisha wakala majani ya miti. Bahari ikawatupia samaki mkubwa aitwaye anbar, wakamla kwa siku nyingi hadi nguvu zikawarejea. Ubavu wake mmoja ulisimamishwa, ngamia na mpandaji wake wakapita chini. Waliporudi Madina, Mtume (s.a.w.) aliuliza kama kimebaki kitu, akaletewa, akala. Nimesimulia haya madrasani, na hakuna mtoto asiyeuliza huo ubavu ulikuwa na urefu gani.

Baada ya katlesi, jaribuni mishikaki ya samaki, kisha kamba na ngisi. Kwetu sisi Mashafii hao ni halali bila ya shaka, lakini akiwepo mtoto wa jirani Mhanafi, waulizeni wazazi wake kwanza, kwa sababu madhehebu yao yana maneno mengine. Na mtoto akivimba midomo au kuwashwa mwili baada ya kula kamba, asirudiwe nao kabla ya kuonana na daktari. Samaki wa kupaka, mzima na kichwa chake, aje mwisho, watoto wakipewa bakuli la tui zito na ukwaju wampake wenyewe.

Akina baba nao wana sehemu yao. Mchukueni mtoto sokoni asubuhi mkamwoneshe samaki mbichi: jicho angavu, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Mfundisheni kuwa jodari na vibua wakiachwa juani huingia sumu isiyoondoka hata kwa moto, hivyo wabebwe na barafu. Nunueni vibua na simu. Bei yao ni nafuu na mafuta yao ni mema kwa ubongo wa mtoto kuliko ya papa mkubwa, ambaye hubeba zebaki. Kisha kaeni naye kwenye sinia moja. Umar bin Abi Salama (r.a.) alifundishwa adabu za kula akiwa mtoto, mkono wake ukiwa katika sahani moja na Mtume.

Mtoto mwingine huhitaji kuonjeshwa kitu mara kumi au zaidi ndipo akizoee. Akikataa leo, sahani iondolewe bila ya neno, asipewe soseji badala yake, ale wali na mboga zilizopo. Jumatano aonjeshwe tena.

Wabillahi tawfiq.