Makasha ya kumbukumbu mwezini: Idhini yatolewa na nani?

Ijumaa hii tumeona tulizungumze jambo ambalo kwa wengi litaonekana kuwa mbali mno na mlango wa nyumba, nalo ni biashara ya kupeleka vitu vya ukumbusho mwezini.

Tarehe 8 Januari, 2024, roketi iliruka kutoka Cape Canaveral, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ikiwa imebeba chombo kiitwacho Peregrine, mali ya kampuni binafsi ya Astrobotic. Ndani yake mlikuwa na ala za utafiti za Shirika la Anga la Marekani, NASA. Pembeni mwake, hata hivyo, mlikuwamo vitu vya namna nyingine kabisa: ujumbe ulioandikwa na watoto wa Japani na kwingineko, picha, kipande cha jiwe kutoka Mlima Everest, na vikopo vyenye majivu ya maiti waliochomwa. Saa chache tu baada ya kuruka, mafuta yalianza kuvuja. Safari ya mwezini ikashindikana, na tarehe 18 Januari chombo kikaachwa kiungue angani juu ya Bahari ya Pasifiki pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Hamu ya mtu kuacha alama yake mahali pa mbali si ngeni, wala hatuicheki. Aprili 1972, mwanaanga Charles Duke wa safari ya Apollo 16 aliweka juu ya vumbi la mwezi picha yake, mkewe na wanawe wawili, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Baba gani asiyemwelewa? Sisi wenyewe tunasema kwetu ni pale kilipozikwa kitovu. Na mtoto akizaliwa, siku ya saba nywele zake hunyolewa, zikapimwa, na uzito wake ukatolewa sadaka ya fedha kwa maskini. Hiyo nayo ni kumbukumbu ya mtoto, ila faida yake humfikia jirani.

Kilichobadilika tangu siku za Duke ni kwamba nafasi hiyo sasa inauzwa. Astrobotic na kampuni ya usafirishaji ya DHL walitangaza bei kuanzia dola 460 kwa kikopo cha upana wa nusu inchi, na kadiri kopo lilivyokuwa kubwa ndivyo bei ilivyopanda. Mwenye uwezo huchagua, hulipa, na mzigo wake hupangiwa safari.

Waliopinga kwa sauti kubwa hawakuwa Waislamu. Ni Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, ambao kwao mwezi ni kitu kitukufu. Desemba 2023 rais wao, Buu Nygren, aliiandikia serikali akitaka safari iahirishwe kwa sababu ya yale majivu. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1998 NASA yenyewe ilirusha chombo cha Lunar Prospector kikiwa na sehemu ya majivu ya mwanajiolojia Eugene Shoemaker, kikaangushwa karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 31 Julai, 1999. Wanavajo walilalamika wakati ule, NASA ikaomba radhi na kuahidi kwamba siku nyingine ingeshauriana nao. Robo karne baadaye jibu likawa kwamba chombo ni cha kampuni binafsi, na NASA haina mamlaka juu ya mizigo ya wateja wengine. Kampuni ya Celestis, iliyouza nafasi za majivu, nayo ikasema kuwa hakuna dini moja inayopaswa kuamua safari ipi iruhusiwe. Ikulu iliitisha kikao, na siku chache baadaye roketi ikaruka.

Sisi hatuwezi kuichukua hoja ya Wanavajo kama ilivyo. Qur'ani katika sura Fussilat inakataza kuusujudia mwezi, na katika Al-Baqara imeeleza kuwa miandamo yake ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Kwa mwezi tunajua Ramadhani na Idi, na kwa mwezi mjane huhesabu eda yake. Tuseme kweli pia: hakuna kikopo kitakachoufanya mwezi uandame mapema au uchelewe. Ama kuchoma maiti, hilo kwa Muislamu halina mjadala. Na Mtume (SAW) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku ile ile, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Naye, akiwa katika majonzi yake, aliwakatalia, akawafahamisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu yeyote wala kwa kuzaliwa kwake.

Hoja yetu iko penginepo. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unasema kuwa hakuna taifa liwezalo kuumiliki mwezi. Kwa lugha yetu, ni kitu kinachofanana na wakfu: hakiuzwi, hakirithiwi, na manufaa yake ni ya wote. Lakini wakfu una msimamizi. Anayetaka kuchimba kisima au kuzika katika kiwanja cha wakfu humwendea yeye, na wanufaika wana haki ya kusema. Mwezi hauna msimamizi. Leseni ya kurusha roketi Marekani hupima usalama wa watu na mali, usalama wa taifa na uhusiano na nchi za nje. Swali la heshima ya mahali mzigo uendako halimo. Hivyo mwenye roketi ndiye anayekuwa mutawali kwa vitendo.

Tusidhani kwamba nchi za Kiislamu zimesimama kando. Mkataba wa Mwezi wa mwaka 1979, unaoutaja mwezi kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu, uliridhiwa na nchi chache tu, zikiwamo Morocco, Pakistan, Uturuki na Kuwait. Saudi Arabia nayo ilikuwamo, ikatoa taarifa ya kujitoa, na kujitoa huko kukaanza rasmi tarehe 5 Januari, 2024, siku tatu kabla ya Peregrine kuruka. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayotutia simanzi.

Umoja wa Mataifa unayo kamati ya matumizi ya anga kwa amani, inayokutana Vienna, na Kenya ni mjumbe wake. Hapo ndipo penye nafasi ya kuuliza ni vitu gani viachwe mwezini, na nani aulizwe kwanza. Masheikh na makadhi wetu hawahitaji roketi ili kuiandikia serikali barua kama ile aliyoiandika Nygren.