Ukipanda cheo, chaki unamwachia nani?

Najua nimepotea wiki mbili, ni mitihani na umeme wa hosteli. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Jana usiku chumbani tulipiga stori za maisha baada ya chuo. Tuko wanne, wote tunasomea ualimu. Hakuna hata mmoja aliyesema anataka kufundisha! Mmoja anautaka uafisa elimu, wengine "ofisi yoyote tu". Nilipotaja darasa wakanicheka: eti mwenye akili hazeeki na chaki.

Haya, sikieni habari za Satoru Iwata wa Japani, aliyezaliwa 1959. Alisoma kompyuta chuo kikuu Tokyo, lakini mwaka 1982 akaajiriwa HAL Laboratory, kakampuni kadogo ka magemu alikokuwa anafanya kibarua tangu mwanafunzi. Baba yake, mzee mwenye cheo cha meya, alimnunia miezi. Si kama wazee wetu tu?

Mwaka 1993 HAL ikawa hoi kwa madeni, akapewa kuiongoza. Mlidhani alikaa kwenye kiti cha kuzunguka? Gemu la Mother 2 lilikuwa limekwama, akasaidia kuandika programu yake upya, likatoka 1994. Mwaka 2001, tayari ni mkubwa Nintendo, alirudi HAL karibu wiki tatu kusaka makosa ya programu ili Super Smash Bros. Melee itoke kwa wakati. Mwaka 2002 akawa rais wa Nintendo. Mashine ya 3DS ilipododa 2011, alikata nusu ya mshahara wake mwenyewe. Alifariki 2015, bado rais, miaka 55.

Najua mtasema: huyo alilipwa kijapani! Sawa, mshahara wa mwalimu ni kichekesho na lazima tudai. Ila kudai maslahi ni kitu kimoja, kuidharau kazi yenyewe ni kingine. Iwata aliokoa magemu kwa sababu alijua kuisoma programu mstari kwa mstari. Sasa wewe afisa uliyekimbia darasa, utamkagua nini mwalimu mwenye watoto tisini?

Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Chaki nabeba. Mbishi aje chumbani tumalizane, ila aje na sukari, yetu imeisha.