Asilimia ya tunda mbona hukuitaja?

Kalori za hizi tati za matunda za boksi umezieleza vizuri, ila umeruka orodha ya viambato. Kwa sheria za Uingereza, chenye uzito mkubwa hutangulia, na tunda likitajwa kwenye jina au kuchorwa mbele ya boksi, asilimia yake huandikwa. Nianzie hapo mimi. Halafu sukari: hii "sukari", ile "sharubati ya glukosi", nyingine "dekstrosi". Ukoo mmoja huo, wamekaa viti mbalimbali! Tena jedwali la lishe mara nyingi hupigia hesabu kipande kimoja, na nani hula kimoja? Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi sukari huru (ya kuongezwa, na ile ya asali, sharubati na juisi) isizidi takriban gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Wenye watoto, jumlisheni kwanza ndipo mnunue.