Santuri Gani Umesikiliza Juma Hili?



Juma hili nimepokea barua ya mama mmoja, nami kwa idhini yake naieleza hapa, ila jina lake na mji wake nauficha. Asema kwamba mume wake amestaafu, ni mtu mpole, hanywi pombe, na Jumapili hakosi Misa. Lakini ana masanduku matatu ya santuri. Kila Jumamosi, baada ya chai ya saa kumi, wazee wenzake watatu hufika nyumbani, kila mmoja na santuri yake kwapani. Huketi sebuleni na kuulizana, “Wewe juma hili umesikiliza ipi?” Kisha kila mmoja huipiga yake na kueleza kwa nini ameileta. Hucheka, hubishana, na safari moja mzee mmoja alitokwa na machozi. Lakini mama akiingia na birika, wote kimya.

“Nimeishi na mtu huyu miaka 38,” aandika, “wala hajaniuliza hata siku moja kama nami napenda kusikia. Tena ni jazi, muziki wa vilabuni. Mwezi ujao anasafiri kwenda kwao kwa majuma mawili. Mnunuzi nimekwisha kumpata. Je, ni dhambi?”

Mama mpenzi, usiuze. Angalau usiuze kabla ya kusoma ukurasa huu hadi mwisho.

Kwanza tulitengeneze hilo neno jazi, maana huenda limekupotosha. Kwetu Afrika ya Mashariki jina hilo lilichukuliwa na bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Wao walipiga magitaa na rumba, na watu wakacheza hata alfajiri. Basi mtu wa rika letu akisikia jazi, mara aona ukumbi, chupa na vumbi la viatu. Lakini santuri za mume wako, kwa majina uliyoyanakili kwenye barua yako (nakushukuru, umeyanakili vizuri sana), ni jazi ya Marekani, muziki uliozaliwa na watu weusi wa kule, wajukuu na vitukuu vya watumwa. Sikatai kwamba nao ulipigwa vilabuni, tena vilabu vingine vibaya. Ila waliopiga wengi wao walianza kusikia muziki kanisani, kwenye mabega ya mama zao.

Mtazame huyo John Coltrane uliyemwandika wa tatu. Babu zake wote wawili walikuwa wachungaji wa Kimethodisti. Alipokuwa kijana alinaswa na dawa za kulevya na pombe. Mwaka 1957 aliviacha, na yeye mwenyewe alishuhudia kwamba ni kwa neema ya Mungu. Desemba 1964 aliingia katika chumba cha kurekodia huko New Jersey pamoja na wenzake watatu, akapiga shukrani yake kwa Mungu katika sehemu nne. Santuri hiyo huitwa A Love Supreme. Katika sehemu ya mwisho hakuna mtu aimbaye, lakini Coltrane alikuwa ameandika sala, na saksafoni yake yaifuata sala hiyo neno kwa neno. Sala yenyewe imechapishwa juu ya jalada. Mama, jalada hilo limo sebuleni mwako.

Na huyo mwanamke, Mary Lou Williams? Nilifurahi mno kuona jina lake. Alizaliwa mwaka 1910, akapiga piano tangu utoto, akawatungia wakubwa wa siku zile. Mwaka 1954, akiwa Paris, aliacha muziki. Alikuwa amechoka rohoni. Alirudi New York akashinda kanisani akisali, akawapokea nyumbani kwake wapigaji walioharibika kwa dawa za kulevya, akawalisha na kuwatunza. Mwaka 1957 alibatizwa Mkatoliki. Mapadre ndio waliomsihi arudi kwenye piano, kwamba hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Akarudi. Akatunga wimbo wa kumsifu Mtakatifu Martin de Porres, yule bradha mweusi wa Peru ambaye Baba Mtakatifu Yohane wa 23 alimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Baadaye akatunga Misa, nayo ikaimbwa mwaka 1975 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York, mwenyewe akiwa kwenye piano. Basi huyo ndiye “mwanamke wa vilabuni” uliyetaka kumuuza kwa mnunuzi.

Nisikuchoke. Nimesema hayo ili uone kwamba swali la dhambi si kubwa hapa. Ukiniuliza mimi, jambo linalokuuma ni lile la kimya kinachoingia pamoja na birika.

Sasa, kwa nini wazee hawa waulizane kila juma, badala ya kila mtu kusikiliza kwake? Huu si ugonjwa wa mume wako peke yake. London mwaka 1933 watu walianzisha chama cha namna hiyo hiyo: mwanachama husimama na santuri zake, azipige, aeleze, wengine wamsikilize na kumbishia. Vyama kama hivyo vikaenea miji mingi ya Uingereza. Ufaransa walikuwa wametangulia kwa mwaka mmoja. Huko Yokohama, Japani, mwaka 1933 mtu mmoja alifungua mkahawa uitwao Chigusa. Santuri kutoka ng'ambo zilikuwa ghali kupita mshahara wa mtu wa kawaida. Basi mtu alinunua kikombe kimoja cha kahawa, akakaa, akaomba apigiwe santuri aliyokuwa akiiota. Mikahawa ya namna hiyo ikawa mingi, na katika mingine kuzungumza kulikatazwa kabisa! Vita ilipokuja, serikali ikaupiga marufuku muziki huo kuwa ni wa adui, na mwaka 1945 mabomu yakauteketeza mkahawa ule pamoja na santuri zake. Baada ya vita mwenyewe akaufungua tena.

Urusi ndiko kulikuwa na maajabu. Baada ya vita kuu ya pili, jazi na nyimbo nyingine zisizopendwa na serikali hazikupatikana madukani. Vijana wa Leningrad wakachukua picha za eksirei zilizotupwa na hospitali, wakazikata duara kwa mkasi, wakatoboa tundu katikati kwa moto wa sigara, kisha wakachora juu yake muziki kwa mashine walizojiundia. Upande mmoja tu ndio uliopiga, tena uliharibika upesi. Ukiinua santuri ile kwenye mwanga waziona mbavu za mtu usiyemjua. Watu walifungwa gerezani kwa kazi hiyo. Nafikiri hakuna ajihatarishaye namna ile ili asikilize peke yake, lazima awe na wa kumwambia, “Njoo, usikie hii.”

Tena jazi yenyewe yataka wasikilizaji wawili. Wimbo wa kawaida waujua mwanzo na mwisho wake. Lakini mpigaji wa jazi hutunga papo hapo, kama mtambaji wa hadithi ambaye hadithi ni ileile lakini jana alicheka palipomliza leo. Mwaka 1939 Coleman Hawkins alirekodi wimbo wa mapenzi uliokuwa ukijulikana sana, Body and Soul. Akaugusa kidogo mwanzoni, kisha akauacha, akatunga wake juu ya ule, mpaka santuri ikaisha. Dakika tatu, basi, maana santuri za zamani hazikubeba zaidi ya hapo kila upande. (Zile ndefu, zibebazo zaidi ya dakika 20, zilitoka mwaka 1948.) Wazee wanne wakisikiliza dakika hizo tatu, kila mmoja atasikia jambo lake. Huyu atasema, “Pale alipovuta pumzi.” Mwingine, “Hapana, pale aliposhuka.” Nawe ukipita na birika waona wanaume wazima wakigombana juu ya pumzi ya mtu aliyefariki mwaka 1969.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijaliandika katika ukurasa huu.

Nilikuwa kijana wa miaka 17, mwenye bidii ya dini, na kama walivyo wengi wa umri ule, bidii yangu ilikuwa kubwa kuliko akili. Kaka yangu mkubwa alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri kumi na moja. Alizinunua moja moja kwa mshahara wake wa ukarani. Jioni alizoea kuniita: “Njoo, leo nina hii.” Nami nilikwenda, nikapenda, na kwa kuwa nilipenda nikaogopa. Nikamshawishi mama yetu kwamba ni muziki wa shetani. Kaka aliposafiri kikazi, tuliziuza zote, na gramafoni pia. Fedha tulitoa sadaka, tukajiona watu wema.

Kaka aliporudi hakugomba. Aliuliza ziko wapi, akajibiwa, akaenda kuoga. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, nikawasimamia watoto wake wawili kwenye ubatizo, wala hatukukosana. Lakini hakuniita tena jioni. Si kwa santuri, si kwa habari ya kazi, si kwa jambo lolote la moyoni mwake. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilijifunza kutoka kwa jirani kwamba alikuwa na maumivu tangu mwaka uliotangulia.

Mama, wewe walalamika kwamba mume wako hakuiti. Ukiziuza, ni nani atakayemwambia akuite?

Basi fanya hivi. Usingoje Jumamosi, maana mbele ya wenzake ataona haya. Chagua jioni moja ya kazi, wala usimwambie kwamba umeandika gazetini (atalisoma mwenyewe, si neno). Toa ile ya Mary Lou Williams iliyo na wimbo wa Mtakatifu Martin. Ishike ukingoni kwa viganja viwili, vidole visiguse uso wake, maana mafuta ya mkono hushika vumbi na vumbi hukwaruza. Ipanguse kwa kitambaa laini kikavu, kwa kuzunguka. Nazo zile za zamani nzito, ukizitoa, uwe mwangalifu: zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo, tena zina sindano yao, si ile ya santuri ndefu. Kisha mpelekee, umwambie, “Mimi juma hili nataka kusikiliza hii.” Unyamaze. Usimwambie jambo la miaka 38 usiku ule. Hilo lina siku yake.

Huenda usiupende. Mwanzo wake ni sauti za watu tupu, bila vyombo, zinakwenda polepole na kugongana kwa namna isiyozoeleka katika kwaya zetu. Mimi mara ya kwanza nilidhani wamekosea. Usipoupenda, mwambie kweli kwamba hukuupenda, na mahali gani. Wazee wale ndivyo wafanyavyo.

Na wewe, Mzee, ambaye yakini sasa umeshika gazeti hili na uso umekuwa moto: usimkasirikie. Amenakili majina 46 kutoka kwenye majalada yako kwa mwandiko safi, bila kukosea hata moja, na kuniandikia kurasa nne. Mtu asiyejali hafanyi kazi hiyo. Sikuambii uwafukuze rafiki zako, hasha. Mwanamume aliyestaafu akipata wenzake watatu wa kukaa nao bila chupa mezani, na ashukuru. Lakini viti sebuleni mwako ni vingapi? Kama ni vinne, azima cha tano kwa jirani. Na birika na aichukue mmoja wenu jikoni, kwa zamu.

Jambo moja dogo juu ya masanduku: umesema, mama, kwamba santuri zimelazwa moja juu ya nyingine, karibu na dirisha. Zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua. Jua la saa tisa likizipata zitajikunja, na hapo hata mnunuzi wako hatazitaka.

Juma lijalo nitamjibu baba wa watoto sita aliyeuliza habari za karo. Nawe mama, ukipata nafasi, niandikie tena. Nataka kujua alisema nini ulipomletea ile santuri, na yeye alitoa ipi baada yake.