Gia Zinazokataa Kuingia

Mkulima au karani anunuaye motokaa iliyokwisha kutumika aghalabu hutazama rangi, magurudumu na viti, akaisahau giaboksi kwa kuwa haionekani. Baada ya majuma machache gia huwa nzito au hulia zinapoingizwa, na fundi wa kwanza aulizwaye husema giaboksi nzima imekufa. Hivyo fedha za maziwa ya miezi mingi huweza kupotea bure, maana mara nyingi kosa si la giaboksi hata kidogo.

Kabla ya giaboksi kufunguliwa, na lifanywe jaribio lisilogharimu hata senti. Motokaa isimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, injini izimwe. Klachi ikanyagwe mpaka chini, na gia ziingizwe moja moja. Kisha injini iwashwe, klachi ikanyagwe tena, na baada ya kungoja kidogo iingizwe gia ya kurudi nyuma. Ikiwa gia zote zaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini hii yalia injini ikiwaka, basi klachi haiachi sawasawa, na injini yaendelea kuizungusha giaboksi. Zikiwa nzito katika hali zote mbili, kosa hutafutwa kwenye mkono wa gia, waya na bushi zake, au ndani ya giaboksi yenyewe.

Klachi ivutwayo kwa waya huenda ikahitaji kukazwa tu. Isukumwayo kwa mafuta ya breki itazamwe kama mafuta yamepungua, au kama yavuja kwenye silinda ya juu au ya chini. Gia zikikubali baada ya klachi kukanyagwa upesi mara mbili tatu, yamkini upepo umeingia au mipira ya silinda imechakaa. Kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kushusha giaboksi.

Jambo la pili ni mafuta ya giaboksi. Nati ya kujazia ifunguliwe kabla ya nati ya kumwagia, kwani ya kujazia ikigoma, mafuta yaliyokwisha kumwagwa hayatarudishwa. Unga laini ung'aao ndani ya mafuta ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma ni dalili mbaya. Kitabu cha motokaa kikitaka mafuta ya GL-4, yasitiwe ya GL-5 ovyo ovyo, maana dawa iliyomo katika baadhi yake huweza kuzila pete za shaba zisawazishazo mwendo wa gia. Na gia zilizo nzito asubuhi ya baridi ya Limuru, kisha zikalainika njiani, huashiria kwamba pengine mafuta ni mazito kupita kiasi.

Gia moja peke yake, mara nyingi ya pili, ikilia motokaa ikiwa mwendoni, huenda pete yake imekwisha. Hapo giaboksi haina budi kufunguliwa. Lakini Land Rover nyingi zilizotangulia Series III ya mwaka 1971 hazikuwa na pete hizo katika gia ya kwanza na ya pili. Dereva wake hukanyaga klachi mara mbili, na kulia kwa gia hizo ni suala la ufundi wa kuendesha, si ugonjwa.

Mnunuzi mwenye busara hufanya majaribio haya kabla ya kutoa fedha. Na fundi asemapo giaboksi imekufa, yafaa aulizwe kwa adabu ni jaribio gani lililomwonyesha hivyo.